Kabla ya kulaumu faiba, kagueni adapta za mfumo

Mhariri,

Mvua za jioni zikishika Kisumu na Kakamega, malalamiko ya intaneti nayo huongezeka. Mteja wa Kondele amelipia megabiti 10, akipima anapata 5. Shule inalipia 50, na kompyuta za maabara hazifungui hata ukurasa mmoja. Mwenye saiba kule Pipeline, Nakuru, analipa kwa M-Pesa saa mbili usiku, ujumbe wa malipo unaingia, lakini laini inabaki imebanwa hadi fundi aamke asubuhi. Wote hupewa jibu moja: faiba imekatwa mahali. Wakati mwingine kweli imekatwa. Lakini faiba iliyokatwa haimpi mtu nusu kamili ya kasi yake, humnyima yote. Mteja akipata nusu kamili, au moja kwa elfu, au mara nane ya alicholipia, hiyo ni dalili ya hesabu iliyokosewa, na hesabu hiyo hufanywa kwenye adapta za programu inayodhibiti trafiki. Huko ndiko wenye mitandao midogo ya magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa hawaangalii.

Neno adapta lisichanganywe na kile kijisanduku cha stima kinachochomekwa ukutani. Mtoa huduma mwenye wateja 200 au 2,000 hawezi kuingia ruta moja moja kuandika kikomo cha kila mtu. Anatumia programu moja iliyokaa kwenye seva, inayojua nani amelipa, anastahili kasi gani na anapitia kifaa kipi. Programu hiyo haijui lugha ya kila kifaa. Ruta ya MikroTik hupokea amri kwa njia yake, Cisco kwa njia yake, seva ya Linux kwa njia yake, na redio iliyo juu ya mlingoti ina njia yake pia. Kwa hiyo kwa kila aina ya kifaa huwekwa kipande kidogo cha programu kinachopokea agizo kama "mteja huyu apakue kwa 10, apakie kwa 5", kikaliandika kwa lugha ya kifaa, kisha kikarudisha hesabu za kilichopita. Hiyo ndiyo adapta ya kifaa. Kazi yake ni ya ukalimani, na mkalimani akikosea, pande zote mbili huendelea kuamini kwamba zimeelewana.

Nianze na kosa la mwelekeo kwa kuwa ndilo rahisi kulikagua. Kwenye foleni ya kawaida ya MikroTik, yaani mpangilio wa ruta unaobana kasi ya mteja, kikomo huandikwa kwa namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju. Namba ya kwanza ni ya kupakia, ya pili ni ya kupakua. Kifurushi cha 10 kupakua na 5 kupakia huandikwa 5M/10M. Hata kikomo kikitumwa kupitia RADIUS, mfumo wa kuidhinisha wateja, katika sifa ya Mikrotik-Rate-Limit, mpangilio ni huo huo, kwa sababu ruta hujihesabu yenyewe: kwanza kile inachopokea kutoka kwa mteja, kisha kile inachompelekea. Programu nyingi za bili hutanguliza kupakua, maana ndiyo namba inayouzwa kwenye mabango. Adapta iliyonakiliwa kutoka kwa kifaa kingine bila kugeuza mpangilio huo itaandika 10M/5M, na mteja atapata nusu ya alicholipia. Ruta haitalalamika, kwa kuwa amri ni halali kabisa. Fungua orodha ya foleni, chagua wateja watano wa vifurushi tofauti, usome namba kwa macho yako. Ni kazi ya dakika kumi.

Kosa la vipimo ni baya zaidi kwa kuwa linajificha. Kwenye Linux, programu ya tc inayopanga foleni ina mtego uliowanasa wengi. Ukiandika 10mbit unapata megabiti 10 kwa sekunde. Ukiandika 10mbps, jinsi kasi inavyoandikwa kwenye matangazo yote, tc husoma megabaiti 10, yaani megabiti 80. Hakuna onyo lolote. Amri inakubaliwa, adapta inaripoti kwamba imefaulu, na mteja mmoja anachukua sehemu ya watu wanane. Namba tupu isiyo na kipimo huhesabiwa kuwa biti kwa sekunde. Kwenye mitandao ya hotspoti kuna mtego wa namna hiyo hiyo: sifa ya WISPr-Bandwidth-Max-Down hupokea biti, na ile ya programu ya ChilliSpot inayofanana nayo kwa kazi hupokea kilobiti. Megabiti 10 ni 10000000 kwa ya kwanza na 10000 kwa ya pili. Adapta ikizichanganya, mteja hupewa kilobiti 10, kasi ambayo hata picha ya WhatsApp haimalizi kushuka. Mteja huyo ataambiwa laini yake ina shida, na fundi atapanda mlingoti bure.

Yako pia yale mazoea ya kuzidisha kwa 1024 badala ya 1000. Megabiti 10 inageuka 10,485,760, karibu asilimia 5 ya ziada kwa kila mtu. Kwa mteja mmoja si kitu. Kwa wateja 200, umeuza megabiti 2,000 na kuruhusu karibu 2,100.

Dawa ya makosa haya ni kupima ndani ya mtandao wako mwenyewe, wala si kwenye tovuti za kupima kasi, kwani huko unapima pia njia ya kwenda Nairobi na kwingineko. Weka seva ndogo yenye iperf3, programu ya kupima kasi, karibu na ruta kuu. Husikiliza kwenye poti 5201. Kutoka upande wa mteja, piga jaribio la sekunde 30 (-t 30) bila kitu kingine cha ziada, hapo mteja ndiye anayetuma na unapima kupakia. Rudia ukiongeza -R ili seva ndiyo itume, hapo unapima kupakua. Kwa kifurushi cha 10 na 5, tarajia kuona 9 na ushei unapopakua na 4 na ushei unapopakia, kwani vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazobebwa na kila kipande cha data, hula sehemu yao. Ukiona kinyume, mwelekeo umegeuzwa. Ukiona 75, tafuta baiti zilizochukuliwa kuwa biti. Ukiona kasi yote ya waya, kikomo hakigusi trafiki kabisa.

Hili la mwisho lina sababu mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni FastTrack. Ruta nyingi ndogo za MikroTik hutoka kiwandani zikiwa na kanuni ya ngome (firewall) inayopitisha mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa kwa njia ya mkato ili kuipunguzia ruta kazi. Pakiti zinazopita njia hiyo haziingii kwenye foleni za kawaida. Adapta inaandika kikomo, inakisoma tena, inakikuta, inaripoti kwamba mambo ni shwari. Alama yake iko kwenye kaunta: mteja anapakua filamu nzima, na hesabu ya baiti ya foleni yake inasogea kidogo tu. Ama uiondoe kanuni hiyo, ama uiandike isiguse anwani za wateja wenye vikomo. Sababu ya pili ni mpangilio. Foleni hizo husomwa kutoka juu kwenda chini, na pakiti huchukuliwa na ile ya kwanza inayolingana nayo. Kukiwa juu na foleni ya jumla ya mtandao mzima, sema 10.10.0.0/16, na adapta ikawa inaongeza wateja wapya chini yake, vikomo vyao vitakaa pale kama mapambo. Adapta nzuri huweka foleni mpya mahali maalum katika orodha, na kabla ya kuongeza huuliza kwanza kama ipo. Ikiwapo huibadilisha, isipokuwapo ndipo huiongeza. Namba ya mteja iandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya foleni na iwe ndiyo ufunguo wa kuitafutia, si anwani yake ya IP inayoweza kubadilika.

Sasa nije kwenye matoleo, ambako madhara huangukia wateja wote kwa siku moja. Adapta huandikwa kulingana na toleo fulani la mfumo wa kifaa. Mwenye kifaa akisasisha mfumo huo bila kujali adapta, mawasiliano hufa. Mfano ulio wazi ni RouterOS ya MikroTik. Kuanzia toleo la 6.43 la mwaka 2018, namna ya kuingia kupitia API, mlango ambao programu hutumia kuiamuru ruta, ilibadilishwa, na kufikia 6.45.1, mwaka 2019, njia ya zamani ikafungwa. Badiliko hilo lilitangazwa katika maelezo ya toleo, kwa hiyo hapakuwa na siri. Lakini adapta iliyokuwa bado inabisha kwa njia ya zamani haikufunguliwa, na fundi asiyesoma maelezo hayo angeweza kubadilisha neno la siri mara kumi bila faida. Ruta ziliendelea kupitisha trafiki kama kawaida. Kilichokufa ni uwezo wa programu kufungua waliolipa, kufunga wasiolipa na kubadilisha vifurushi. Toleo la 7 nalo lilipanga upya sehemu ya BGP inayobadilishana njia na mitandao mingine, likaongeza aina mpya za foleni kama CAKE na fq_codel, na kuanzia 7.1 likaleta REST, njia nyingine ya programu kuiamuru ruta. Adapta ya toleo la 6 haiwezi kudhaniwa itafaa hapo.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni kutosasisha kabisa. Wana ruta inayofanya kazi, adapta inaielewa, kwa nini waiguse? Nawasihi waache msimamo huo. Mwaka huo huo wa 2018 ulitangazwa mwanya kwenye Winbox, huduma ya kusimamia ruta za MikroTik, uliosajiliwa kama CVE-2018-14847, uliomwezesha mtu aliye mbali kusoma faili za ruta, pamoja na majina na maneno ya siri ya watumiaji. Aliyebaki kwenye toleo la zamani ili adapta yake isisumbuke alikuwa ameacha mlango wa duka wazi kwa kuogopa kubadilisha kufuli. Ruta na adapta zisasishwe pamoja, kwa mpango mmoja, na mtu mmoja awe na jukumu la kujua kipi kinaendana na kipi.

Mtu huyo anahitaji daftari. Faili la kawaida la jedwali linatosha, mradi liandikwe kila mara. Kila mstari uwe kifaa kimoja: jina lake na mahali kilipo, modeli, toleo la mfumo, jina la adapta na toleo lake, njia ya mawasiliano na poti, tarehe adapta ilipojaribiwa mara ya mwisho na nani alijaribu. Poti ziandikwe kwa namba: 8728 kwa API isiyofichwa, 8729 kwa iliyofichwa, 830 kwa NETCONF (njia ya kubadilishia mipangilio ya kifaa), 161 kwa SNMP (njia ya kusomea hesabu zake). Ukimaliza utashangaa. Mtandao unaosemekana kuwa na aina mbili za ruta hutokea kuwa na matoleo sita, na adapta moja inayojitahidi kuzihudumia zote.

Kabla ya kusasisha chochote kwenye milingoti, jaribu kwenye benchi. MikroTik wana ruta ya kuendeshwa ndani ya kompyuta, inaitwa CHR, na leseni yake ya bure hubana kila poti kwa megabiti 1. Kasi hiyo haitoshi kupima vifurushi, ila inatosha kabisa kwa adapta: je, inaingia, inaandika, inasoma ilichoandika, inafuta? Fanya mambo hayo manne kwa wateja kumi wa kubuni, mmoja wao awe na jina lenye nafasi katikati na mwingine lenye alama ya ritifaa kama Ng'ang'a au Nyang'au. Majina ya kwetu yamevunja adapta nyingi zilizoandikwa na watu wasiowahi kuona jina lenye ritifaa, kwa sababu alama hiyo katika lugha nyingi za programu hufunga au kufungua maneno, na amri hukatika katikati ya jina la mteja.

Adapta ikifaulu kwenye benchi, ipeleke kwenye kifaa kimoja chenye wateja wachache, iache siku tatu ikiwemo wikendi, ndipo uendelee na vingine. Usiguse vifaa vyote usiku mmoja. Na kila badiliko liwe na njia ya kurudi. Kwa vifaa vya NETCONF vinavyokubali uthibitisho wa muda, badiliko lisilothibitishwa ndani ya sekunde 600 hujifuta na kifaa kikarudi kilivyokuwa. Kwenye MikroTik, fundi anayeandika kwa mkono awashe hali salama kwa Ctrl+X, ili muunganisho ukikatika mabadiliko yarudi nyuma. Kwa mlingoti wa mjini Nakuru kosa ni safari ya bodaboda. Kwa mlingoti wa Mfangano ni safari ya mashua, na ziwa likichafuka alasiri wateja watasubiri hadi kesho yake.

Radi nayo ina sura yake katika jambo hili. Ukanda wa ziwa, Kisii na Kakamega hupigwa na radi nyingi, na ruta iliyoungua hubadilishwa kwa ile iliyopo dukani, ambayo mara nyingi ni modeli mpya zaidi. Fundi hurudisha mipangilio, intaneti inapita, anashuka. Wiki moja baadaye ndipo inagunduliwa kwamba kwenye ruta ile hakuna aliyefungwa wala kufunguliwa. Sababu ni hizi. Nakala ya akiba ya faili la binari imekusudiwa kifaa kile kile, haifai kupachikwa kwenye modeli nyingine. Inayofaa ni ile ya maandishi inayotolewa kwa amri ya export. Lakini export haibebi akaunti za kuingilia ruta, kwa hiyo akaunti ya adapta lazima iundwe upya kwa mkono. Na katika toleo la 7, export huficha maneno ya siri usipoongeza show-sensitive, kwa hiyo hata wateja wa PPPoE, wanaoingia kwa jina na neno la siri, waliohifadhiwa kwenye ruta hurudi bila maneno yao ya siri. Pia ufunguo wa SSH unaokitambulisha kifaa kipya ni tofauti, na adapta inayokagua ufunguo huo itakataa kuzungumza nacho. Isajili ufunguo mpya. Usizime ukaguzi, kwani huo ndio unaokuhakikishia kwamba unaongea na ruta yako. Mambo haya matatu, akaunti, maneno ya siri na ufunguo, yaandikwe kwenye karatasi kama orodha ya kukumbusha, si siri zenyewe, na kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la mlingoti.

Na stima ikipotea bila radi? Ruta isiyo na betri ya saa inaweza kuwaka ikiwa na saa isiyo sahihi hadi ipate saa kutoka mtandaoni. Kifurushi cha usiku kinachotegemea saa ya ruta kitaanza wakati usio wake. Hakikisha seva ya saa imewekwa kwenye kila kifaa.

Yule mwenye saiba wa Pipeline aliyelipa usiku anahitaji maelezo yake. Mteja wa PPPoE anapoingia, ruta humtengenezea foleni ya muda, na akitoka hufutika. Foleni hiyo haihaririki. Adapta ikibadilisha profaili ya mteja, badiliko huanza kazi atakapoingia upya, na ruta ya nyumbani inaweza kukaa siku kumi bila kukatika. Ndiyo maana mteja huambiwa azime na kuwasha. Njia sahihi ni adapta kutuma ujumbe wa RADIUS wa kubadilisha au kukata kikao, ambao hupokelewa kwenye poti 3799 ya UDP. Kwenye MikroTik upokeaji huo lazima uwashwe kwanza, na ngome iruhusu ujumbe kutoka kwa seva yako peke yake. Kisha adapta isome jibu. Ujumbe uliokataliwa au usiojibiwa urudiwe, na ukishindwa mara ya tatu fundi apigiwe kengele. Kumchukulia mtu pesa zake kwa sekunde tano na kumpa huduma baada ya saa kumi na mbili ni kumdhulumu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Upande wa kupima nao una kasoro zake. Adapta nyingi za SNMP bado husoma kaunta za biti 32. Kaunta hiyo hujaa na kuanza sifuri baada ya baiti 4,294,967,296. Kwenye laini ya megabiti 100 iliyojaa, hilo hutokea baada ya takribani dakika 5 na sekunde 44. Kwenye gigabiti 1 ni sekunde 34 tu. Adapta inayosoma laini hiyo ya gigabiti kila dakika 5 itaona namba ndogo na kuchora grafu inayoonyesha laini imelala, ilhali imefurika. Mwenye mtandao anaangalia grafu, anaamini ana nafasi, anauza zaidi. Tumia kaunta za biti 64, ifHCInOctets na ifHCOutOctets, ambazo zinahitaji SNMP ya toleo la 2c au la 3, kwani la 1 halizijui. Poti nazo zifuatwe kwa majina yake, si kwa namba zake za orodha, maana namba hizo zinaweza kubadilika ruta ikiwaka upya, ukajikuta unapima waya wa jirani.

Mvua sasa. Redio za gigahezi 60 zinazotumiwa kwa viungo vifupi vya mjini hupoteza nguvu nyingi mvua kubwa inaponyesha. Zile za gigahezi 5 haziathiriki sana, ila zinazovuka Ghuba ya Winam husumbuliwa na mawimbi yanayodunda juu ya maji. Foleni mama inayogawa kiungo hicho huwekwa chini kidogo ya uwezo wake, tuseme 380 kwa kiungo cha 400, ili msongamano utokee ndani ya ruta ambako unaweza kupangwa. Mvua ikishusha kiungo hadi 150 na foleni mama ikabaki 380, foleni hiyo haifanyi chochote. Pakiti hurundikana ndani ya redio, simu za sauti zinakatika pamoja na video za watoto, hakuna anayepewa kipaumbele. Adapta ya redio iwe inasoma uwezo wa kiungo kila dakika 1 na programu ishushe foleni mama kufuatana nao, kisha iipandishe taratibu mvua ikikatika, isije ikawa inapanda na kushuka kila dakika. Wenye mitandao wengi wana adapta ya ruta na hawana ya redio kabisa. Kwa hali ya hewa ya Kericho na Kakamega, hilo ni pengo kubwa kuliko yote niliyotaja.

Kuhusu usalama nitasema machache. Adapta isitumie akaunti ya admin. Ipewe akaunti yake, ya kusoma na kuandika kupitia API tu, inayokubaliwa kutoka anwani ya seva peke yake. Poti 8728 hupeleka neno la siri bila kulificha, kwa hiyo tumia 8729 au pitisha yote ndani ya njia iliyofichwa kama WireGuard. Fundi akiacha kazi, maneno ya siri ya adapta yabadilishwe siku hiyo hiyo. Hesabu za matumizi ya kila mteja ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, zisiachwe kwenye laptopu ya mtu.

Mwisho nageukia wanunuzi: shule, hospitali, vyama vya ushirika na serikali za kaunti zinazotoa zabuni za mitandao. Hati za zabuni hutaja idadi ya ruta, urefu wa nyaya na kasi. Ziongeze kurasa mbili. Mzabuni aorodheshe adapta anazoleta, kila moja inahudumia modeli zipi na matoleo yapi, na nani anaitunza. Aeleze atachukua siku ngapi kuleta adapta iliyojaribiwa baada ya mtengenezaji wa ruta kutoa toleo la kuziba mwanya wa usalama. 14 ni muda wa haki. Akabidhi msimbo wa adapta alizoandika mwenyewe, pamoja na daftari la vifaa, siku ya kukabidhi mradi na si siku ya kugombana. Na kabla hajalipwa sehemu ya mwisho, achague mkaguzi wateja au vyumba kumi kwa bahati nasibu, kila kimoja kipimwe kwa iperf3 pande zote mbili, na namba zisainiwe na wote wawili.

Fundi wa mitandao,
Kisumu